Kambale Mkubwa wa Ziwa Eyasi: Namna ya Kumvua kwa Mtumbwi

Karatu ni mji wa watalii, na miongoni mwao hakosekani anayeuliza trauti wanavuliwa wapi. Huku hawapo. Trauti anataka maji ya baridi, masafi, yenye hewa tele, ndiyo maana walowezi waliomleta Afrika Mashariki walimpandisha milimani. Wa kwanza nchini Kenya wanasimuliwa kuwekwa mto Gura, Aberdare, mwaka 1905, na kituo cha kuwazalisha kiko Kiganjo, chini ya Mlima Kenya. Ukimleta trauti Eyasi atakufa kabla hujamaliza kufunga ndoano.

Lakini ukimsikiliza vizuri anayeuliza trauti mkubwa, utagundua anachotaka ni samaki mzito, mwenye hila, anayetafutwa kwa boti kwenye maji mapana. Huyo tunaye. Ni kambale, na anakua Ziwa Eyasi, mwendo wa kilomita hamsini hivi za vumbi kutoka Karatu mjini kupitia barabara ya Mang'ola. Mwongozo huu unamhusu yule wa kilo tano kwenda juu. Wadogo huvuliwa na mtoto yeyote mwenye ndoano na mnyoo, hawahitaji mwongozo.

Karibu yote yatakayofuata yanatokana na jambo moja. Eyasi ni ziwa la magadi, na kambale ni samaki wa maji matamu anayevumilia magadi kwa kiasi chake tu. Perege wa Eyasi ni habari nyingine: wataalamu wanamwita Oreochromis amphimelas, anapatikana humu, Manyara, Kitangiri na maziwa mengine machache ya ukanda huu, na maji ya chumvichumvi ndiyo kwao. Kambale anamhitaji perege kwa chakula na anayahitaji maji matamu kwa uhai. Basi mtafute pale mahitaji hayo mawili yanapokutana, yaani mdomoni mwa mto au mbele ya chemchemi, kwenye mstari ambapo maji matamu yanaishia na magadi yanaanzia. Mtu anayeingia ziwani na kupiga makasia hadi katikati kwa kuamini kwamba samaki wakubwa wako mbali na ufuko, atarudi na kuungua jua. Katikati ya Eyasi hakuna kina cha kumficha samaki. Sehemu kubwa ya ziwa hili unaweza kusimama ukaonekana kifua.

Upande wa Karatu mahali pa kuanzia ni pawili: Mto Baray, unaoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro na Oldeani, na chemchemi za Qangdend, ambazo maji yake yametoka kwenye milima hiyo hiyo yakapita chini ya ardhi. Mto mkubwa kuliko yote, Sibiti, unaingilia upande wa kusini-magharibi, mbali, na ndio unaoliunganisha ziwa na mbuga za Wembere na Ziwa Kitangiri. Mwaka ambao Sibiti haukatiki kiangazi ni mwaka wa samaki. Ndivyo ilivyo miaka ya El Niño, kama ile ya 1997/98: ziwa hufurika, na wavuvi huhamia pwani yake na kupiga kambi. Mwaka wa ukame ni kinyume chake kabisa, ziwa hunywea mpaka watu wanalikatiza kwa miguu, na kambale wanabaki wamesongamana kwenye madimbwi ya chemchemi. Kuwavua wakati huo si uvuvi. Hao ndio mbegu ya mwaka unaofuata, waache.

Kuyatambua maji matamu hakuhitaji kifaa. Chovya vidole, visugue. Maji ya magadi yanateleza kama maji ya kufulia. Maji matamu yanaacha ngozi ikigusana na ngozi. Fanya hivyo kila baada ya hatua chache za mtumbwi ukitokea mdomoni mwa mto kuelekea ndani, na utafika mahali ambapo vidole vinaanza kuteleza. Hapo ndipo. Jicho nalo litakusaidia: maji ya mto yana rangi ya udongo, ya ziwa ni ya kijivu, na siku isiyo na upepo utaona mshono kati ya rangi hizo mbili, mara nyingi umebeba povu na majani makavu. Matete na ndago huota kwenye utamu tu, kwa hiyo ukingo wake wa nje ni alama nyingine. Mwari wakikusanyika na kuchota kwa pamoja, chini yao kuna perege, na kambale hayuko mbali na perege.

Mstari huo hauna makazi ya kudumu. Upepo ukivuma kuelekea ufukweni unayarudisha magadi hadi mdomoni mwa mto. Mvua ikinyesha Oldeani usiku, kesho yake maji ya udongo yanasukuma mbali ndani ya ziwa na kambale wanayafuata. Kuna na jambo lisiloandikwa kwenye kitabu chochote cha uvuvi cha Ulaya: vitunguu. Mang'ola inalima vitunguu kwa umwagiliaji, na maji yanayogeuzwa kwenda mashambani ni maji yasiyofika ziwani. Kabla hujachagua siku, kaa kidogo na wakulima uulize zamu za maji zimekaaje. Maji yakiachiwa baada ya siku kadhaa za kufungwa, mdomo wa mto huamka. Nathamini habari hiyo ya mkulima kuliko kalenda ya mwezi ambayo wavuvi wengi wanaiapia.

Majira mazuri kwa mtumbwi ni tangu mvua za masika zinapopungua, Mei mwishoni, hadi Agosti hivi, ziwa likiwa bado limejaa na samaki wameshamaliza kutaga. Wakati wa mvua zenyewe kambale wakubwa hupanda usiku kwenye maji ya mafuriko yenye nyasi ili kutaga, na hapo hata fimbo inawapata. Ni rahisi mno, na ni hasara: jike mmoja mkubwa anabeba makumi ya maelfu ya mayai. Ukimpata mwenye tumbo lililovimba na laini, mrudishe majini, hata kama wenzako wa mtumbwini watakununia.

Sasa ruhusa, maana bila hiyo mengine hayana maana. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakutaka uwe na leseni, na chombo nacho kiwe kimesajiliwa. Anza kwa afisa uvuvi wa Halmashauri ya Wilaya ya Karatu, kisha ofisi ya kijiji unakoshukia, kisha kikundi cha usimamizi wa mwalo husika (BMU) kama kipo. Uliza pia kama kuna tangazo la kusimamisha uvuvi. Ziwa dogo kama hili hupumzishwa inapobidi. Sumu, baruti, makokoro na nyavu za timba ni marufuku, na usikubali kupanda mtumbwi wenye vitu hivyo, kwa kuwa ukikamatwa hutaulizwa ni vya nani. Angalia na mipaka: ng'ambo ya kaskazini-magharibi, chini ya ule ukuta wa bonde la ufa, kuna ardhi ya Hifadhi ya Ngorongoro iliyoanzishwa mwaka 1959. Usitie nanga huko kwa kuwa tu upepo umekupeleka. Ndani ya kreta hakuna la kujadili. Ndoano yako ibaki kwenye begi.

Mtumbwi utaukodi kwa wavuvi wenyeji, na ni bora ukodi mtumbwi pamoja na mwenyewe. Kwenye mwalo mmoja utamkuta Mdatoga, Mwiraqw, Msukuma na Mnyisanzu, kila mmoja na ziwa lake kichwani. Salamu kwanza. Mzee anaamkiwa shikamoo, anaulizwa mifugo na mvua, ndipo yanafuata mambo ya samaki. Ukianza na bei utapewa bei. Ukianza na salamu utaambiwa kwamba juzi kambale walikuwa wanavuta hewa mbele ya matete ya kushoto, na habari hiyo haina bei. Mkubaliane mapema kuhusu vitu vitatu: ujira, nani anachukua samaki, na saa ya kurudi.

Mtumbwi wenyewe uukague ukiwa nchi kavu. Mbao zilizooza chini, misumari iliyolegea, kopo la kukumbia maji kama lipo. Halafu fanya kazi ambayo mwenye mtumbwi ataiona ya kichekesho: tandika magunia matupu sakafuni kote, na pale kasia linapogusa ubavu funga kitambaa. Sababu yake ni hii. Kambale anasikia kuliko samaki wengi. Ana vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu chake cha hewa na sikio la ndani, kwa hiyo mtikisiko unaopita majini unamfikia ukiwa umekuzwa. Macho yake ni madogo na hayamsaidii sana kwenye maji ya matope. Anaishi kwa kusikia na kwa zile sharubu nane zinazoonja na kupapasa. Chubwi likidondoka kwenye ubao mtupu, kambale aliye umbali wa kutupa jiwe amekwisha jua kuna kitu. Mdogo atarudi baada ya dakika tano kwa njaa. Mkubwa amefika umri ule kwa kutorudi.

Kwa sababu hiyo hiyo ninapendelea upondo kuliko makasia. Kwenye ziwa lenye kina cha kiuno, fito moja ndefu iliyonyooka inatosha kwa kila kazi. Inasukuma bila kurusha maji. Inapima: chonga alama kila nusu mita, na utajua kina bila kukisia. Inakwambia kilichoko chini, maana ikizama taratibu ni tope, ikigonga ni mchanga, na ikizama ghafla viganja viwili zaidi ya ulivyozoea, umepata mkondo wa zamani wa mto uliofunikwa na ziwa. Weka alama mahali hapo kwa kulinganisha mti na kilele cha mlima, kwa sababu kambale wakubwa hupenda kulala kwenye mkondo kama huo mchana na kuanzia safari zao hapo jua likizama. Upondo pia ni nanga. Ukiuchomeka kwenye tope mbele, na wa pili nyuma, ukafunga mtumbwi kotekote, umetulia bila kudondosha jiwe. Mtumbwi uliofungwa upande mmoja huyumba, mshipi unavutika, na usiku kucha utadhani samaki wanakula kumbe ni upepo.

Mchana tumia kwa kutafuta, si kwa kuvua. Acha mtumbwi uelee ubavu na upepo kwenye ule mshono wa maji, ukiburuta chambo kimoja chepesi, huku ukipima na kutazama. Upepo ukiwa na nguvu mtumbwi unakimbia mno. Waingereza wanaovua trauti kwa boti kwenye mabwawa makubwa kama Rutland Water wana dawa yake: mwavuli wa turubai unaozamishwa upande unakotoka upepo, boti inaburuza maji na kupunguza mwendo. Kwetu ndoo ya plastiki ya lita ishirini iliyotobolewa tundu kitakoni inafanya kazi ile ile, ikifungwa kwa kamba kwenye mpini. Iwe kwenye maji ya mita moja kwenda juu tu. Kwenye kina kifupi italima tope na kuharibu kila kitu ulichokuja kukitafuta.

Tuje kwenye ndoano, mahali ambapo wengi wanajipunguzia samaki wenyewe. Ndoano ndogo hushika kambale wadogo kwanza, kwa kuwa ni wengi na wana haraka. Yule mkubwa akifika, chambo kimeshaliwa. Nunua ndoano ambayo uwazi wake unaingiza kidole gumba. Kwa zile zinazouzwa kwenye maduka ya zana za uvuvi, namba ikishuka ndoano inakua, kwa hiyo omba namba saba au nane na uzipime kwa kidole, usitegemee neno la muuzaji. Mshipi uwe nailoni ya kubeba kilo ishirini au zaidi. Kipande cha mwisho, urefu wa dhiraa moja, kiwe uzi wa kusuka, kwa sababu kambale ana meno madogo mengi yanayokwangua nailoni taratibu hadi inakatika wakati umeshaanza kufurahi. Chubwi liwe lenye tundu, lipite huru kwenye mshipi na kuzuiwa na fundo juu ya ule uzi wa kusuka. Kambale mkubwa akiinua chambo na kuhisi uzito, anakitema. Chubwi likiwa huru anavuta uzi peke yake.

Chambo bora ni perege mzima mwenye ukubwa wa kiganja, aliyevuliwa humo humo ziwani siku hiyo. Mkate mapezi, mchanje ubavuni mara tatu ili damu na mafuta yatoke, pitisha ndoano karibu na mkia na uiache ncha wazi kabisa. Kuficha ncha ndani ya nyama ni tabia ya kuvulia samaki wenye midomo laini. Kichwa cha kambale ni mfupa mtupu, ndoano isiyo na ncha wazi hugonga mfupa na kurudi. Matumbo ya kuku yanafaa pia, ila hulegea na kuliwa na wadogo. Wapo wavuvi, hasa waliotoka Ziwa Viktoria, wanaotumia kipande cha sabuni ya mche, na kambale kweli wanaikamata. Sina ugomvi nao, ila sabuni haichagui mkubwa. Na usije na ndoo ya sato hai kutoka kwingine ili uwe na chambo: sato akitoroka akazaliana na perege wa hapa, ziwa litampoteza perege ambaye nje ya maziwa machache ya ukanda huu hapatikani duniani.

Chakula cha kuita samaki kinasaidia, mradi kiwe kidogo. Chukua kiroba, tia pumba za mahindi, damu kutoka machinjioni Karatu na matumbo ya perege uliyemkata, kifunge mdomo, kitoboe, ukining'inize kwenye upondo wa mbele kiguse tope. Unataka harufu isafiri, hutaki samaki washibe. Viroba viwili ni karamu, na aliyetoka karamuni hali tena.

Jifunge mahali pako saa moja kabla ya jua kuzama. Mtumbwi uwe kwenye maji matamu, chambo kitupwe hadi kwenye mshono, si kupita. Tochi ifunikwe kitambaa chekundu na isimulike maji. Kuanzia magharibi hadi saa nne au tano usiku ndio wakati wenyewe. Baada ya hapo kunapoa, halafu kunaamka tena alfajiri kabla hakujapambazuka. Usiku wa giza ni bora kuliko wa mbalamwezi.

Alfajiri tulivu ina faida nyingine. Kambale anavuta hewa: ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kupumua hewa ya juu, ndiyo maana anaishi kwenye tope ambalo samaki mwingine angekufa. Kila baada ya muda anapanda, anameza hewa, anashuka, na nyuma yake vinabaki viputo. Jifunze kusoma upandaji huo. Mdogo anachomoza ghafla na kurusha tone. Mkubwa anapanda polepole, unaona mgongo mpana mweusi ukijigeuza bila sauti, na duara linalobaki juu ya maji ni kubwa na zito. Viputo vyake vikionyesha mstari, unajua anaelekea wapi; tupa chambo mbele yake, mbali, usimtupie kichwani.

Anavyokula ni hivi. Kwanza utasikia vidonyo vidogo vya haraka: hao ni perege au kambale wachanga. Kaa kimya. Halafu vidonyo vinakoma, maana mkubwa amefika na wadogo wamepisha. Halafu mshipi unaanza kwenda, taratibu, bila mtikiso. Moyo wako utakwambia vuta. Usivute. Uachie upite kati ya vidole pima moja, pima mbili, mpaka uhisi mwendo umekuwa wa kudumu, ndipo uukaze na kuvuta mara moja kwa nguvu, ukiwa umekaa. Mtu anayesimama kwenye mtumbwi gizani ili avute vizuri ndiye anayeanguka.

Vaa glavu, na kamwe usizungushe mshipi kwenye kiganja. Samaki wa kilo kumi akikurupuka ghafla, uzi wa nailoni unakata nyama. Mwenzako ang'oe upondo wa nyuma mara tu samaki anaposhika, ili mtumbwi ugeuke na kumfuata. Uzito wa mtumbwi unaoburutwa unamchosha kuliko mikono yako. Kambale mkubwa haruki juu kama trauti. Anasukuma kichwa chini na kukimbilia matete, na akishindwa hujiviringisha ili ajifunge mshipi mwilini na kuukata. Dawa ni kutolegeza hata kidogo: mvuto wa wastani, bila kukoma, upande wa ubavu wake badala ya juu. Akitulia usimwamini. Akifika karibu na mtumbwi na kuona mwanga ana mbio moja aliyoibakiza, na wengi wanampoteza hapo kwa sababu walishaanza kuita watu.

Mpokee kwa wavu wenye mpini, uuzamishe kwanza, umwongoze kichwa kikitangulia. Kama hakuna wavu, kulabu chini ya taya. Mikono mitupu hapana: ana utelezi, na kila pezi la kifuani lina mwiba mgumu wenye meno unaojifunga akiwa na hasira. Kidonda chake kinauma na huchelewa kupona kwenye maji machafu. Ukitaka kumshika, mshike nyuma ya miiba hiyo ukiikandamiza mwilini mwake. Kwa kuwa anapumua hewa hatakufa haraka mtumbwini. Ataendelea kujipigapiga kwa saa nzima na kuwafukuza wenzake wote. Mpige rungu fupi kichwani, kati ya macho, kisha mkate kwa kisu nyuma ya fuvu, ndipo umlaze kwenye gunia lenye maji.

Kuhusu usalama nitasema machache. Upepo wa Eyasi huinuka haraka, na ukitokea upande wa Oldeani unakusukuma kutoka ufuko wa Mang'ola kwenda ndani. Vumbi likionekana linainuka mashambani, anza kurudi, usisubiri liguse uso. Jaketi la kujiokolea livaliwe, lisikaliwe. Mtumbwi ukikwama kwenye tope, sukumeni kwa upondo mkiwa ndani: tope la ziwa hili humeza mguu hadi pajani, na watu wamehangaika humo nusu siku. Usikae na miguu majini kwenye chemchemi, kuna hatari ya kichocho. Uliza wenyeji kuhusu viboko kila safari, kwa kuwa jibu la mwaka jana si la mwaka huu. Radi ikianza, tokeni majini.

Nyama ya kambale mkubwa ina harufu ya tope usipoiwahi. Mtoe matumbo hapo hapo ufukweni, mpake majivu au chumvi, msugue hadi ute wote utoke, mwoshe, kisha mlaze kwenye maji ya ndimu kwa robo saa. Mkate vipande vinene kama vidole vitatu. Barafu ibebe kutoka Karatu, usitegemee kuipata njiani; bila barafu, mbanike usiku huo huo kwa moto wa moshi mdogo, atafika mjini salama. Kabla ya kumgawia mtu, uliza: Wasabato hawali samaki asiye na magamba, na wapo wafugaji ambao samaki yeyote hana nafasi nyumbani kwao. Kichwa mwachie mwenye mtumbwi akikitaka. Supu yake ni nzito, na kwenye makubaliano yenu ya mwanzo huenda mlikisahau.